Mazungumzo ya Nyumbani: Hati Iliyopigiliwa Msalabani



Mwezi huu nalikuwa nimeazimu kuwaandikia habari za malezi ya watoto, lakini imenifikia barua ya mwalimu mmoja, nami sikuweza kuiweka kando. Nimeisoma mara tatu. Jina lake silitaji, wala la kijiji chake, kwa kuwa watu wenyewe wako hai, na majirani wangewatambua. Walakini mtu aliyeandikiwa habari zake ameridhia nizieleze, akisema, "Huenda yuko mwingine aliye kama mimi."

Habari ni hii. Ndugu wawili wa baba mmoja walirithi shamba. Baba yao alipokaribia kufa aliwaonyesha mpaka: mkubwa alipewa upande wa mashariki, penye minazi 24, mdogo alipewa upande wa magharibi, penye mihogo na miembe. Baada ya miaka kupita, mdogo aliitamani ile minazi. Akapeleka shauri barazani, akaapa mbele ya wazee kwamba marehemu baba yao alimwonyesha mpaka mwingine. Shahidi wa pekee aliyekuwako siku ile alikuwa amekwisha kufa. Wazee wakamsadiki, na minazi ikawa yake. Mkubwa hakugomba. Alihamia ng'ambo ya kijito pamoja na mkewe na watoto, akalima kwa jembe la kuazima, na mwaka wa tatu akafa, asiseme na nduguye tena hata neno moja.

Yule mdogo baadaye aliisikia Injili, akafundishwa, akabatizwa. Ni mtu wa sala, wala hakosi kanisani. Lakini siku ya Ijumaa Kuu mwalimu alihubiri kwamba Bwana Yesu amelipa deni letu lote. Katikati ya mahubiri mtu yule aliinuka, akatoka nje, akaketi chini ya mwembe, akalia. Tangu siku ile hajaja mezani pa Bwana. Mwalimu alipomwendea nyumbani kwake, alimjibu hivi: "Mwalimu, ninyi mwasema deni limelipwa. Kila asubuhi nampita mjane wa ndugu yangu akitwanga, nami nyumbani kwangu nala wali uliopikwa kwa nazi za watoto wake. Yeye amelipwa na nani?"

Wazee wa kanisa wamegawanyika mafungu mawili. Fungu moja lasema: "Huyu amekwisha kubatizwa. Mambo ya nyuma yalizikwa katika maji. Kuyafukua ni kuidharau damu ya Yesu, kana kwamba haikutosha." Fungu la pili lasema: "Dawa ya deni ni kulipa. Asiguse mkate wala kikombe mpaka kila nazi aliyoangua imelipwa, na hapo ndipo Mungu atakapomsamehe." Mwalimu yuko katikati, naye aniuliza, "Nimwambieje?"

Ndugu zangu, si swali dogo hili. Ndani yake limo swali la imani yetu yote, yaani, Je, kifo cha Kristo kilifanya kazi gani kwa mwenye dhambi? Basi kabla ya kumjibu mwalimu, na twende kwanza Yerusalemu, tukatazame pale Golgotha mambo yalivyokuwa.

Siku hizi tumezoea msalaba uliochongwa vizuri, nao wawekwa juu ya madhabahu au huvaliwa shingoni. Watu wa zamani zile hawakuujua hivyo. Kwao msalaba ulikuwa adhabu ya aibu kupita zote, tena ilikuwa hasa adhabu ya watumwa na waasi. Mrumi mwenye uraia hakutundikwa ila kwa nadra sana. Miaka 100 hivi kabla ya siku zile za Golgotha, watumwa wengi wa Italia waliasi chini ya mtu aitwaye Spartacus. Waliposhindwa katika mwaka 71 kabla ya Kristo, watumwa 6,000 walitundikwa misalabani kando ya njia kuu iendayo kutoka mji wa Capua mpaka Roma, ili kila apitaye aone na kuogopa. Tena mwaka 1968 wachimbuaji walifungua kaburi la kale upande wa kaskazini wa Yerusalemu, wakakuta mfupa wa kisigino cha mtu aliyesulubiwa katika karne ile ile ya Bwana wetu, na msumari ungali umo ndani ya mfupa. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa haya ni mafumbo tu. Palikuwa na mti, palikuwa na chuma, na palikuwa na nyama ya mwanadamu.

Basi Pontio Pilato, aliyekuwa liwali wa Kirumi katika Uyahudi tangu mwaka 26 hata mwaka 36, alipomtoa Yesu asulubiwe, alimpa kifo cha mtumwa. Na kwa desturi yao shitaka la mtu liliandikwa, watu walisome na kujua kwa nini anauawa. Yohana asimulia kwamba hati iliyowekwa juu ya kichwa cha Yesu iliandikwa kwa lugha tatu, Kiebrania na Kirumi na Kiyunani, nayo ilisema kwamba yeye ni mfalme wa Wayahudi. Wakuu wa makuhani walitaka ibadilishwe, lakini Pilato akakataa. Itazameni sana hati hiyo. Haikutaja wizi, wala uuaji, wala uongo. Pilato mwenyewe alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba hakuona kosa kwa mtu huyu. Mti ulikuwa na mtu, lakini mtu hakuwa na dhambi ya kuandikwa juu yake.

Ya nani, basi, ndiyo yangepasa kuandikwa pale? Injili zatuonyesha mtu mmoja kwa jina lake, naye ni Baraba. Marko asema alikuwa amefungwa pamoja na waasi waliofanya uuaji katika fitina. Siku ile asubuhi Baraba aliketi gerezani akingojea kufa. Mlango ukafunguliwa. Hakuitwa auawe, aliitwa aende zake nyumbani. Mwenye hatia akatoka mlangoni, na asiye na hatia akapelekwa mtini. Sidhani kwamba Baraba alielewa. Pengine alifurahi tu, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Lakini ikiwa jioni ile alipita karibu na Golgotha, akaiona misalaba mitatu, hakukosa kujiambia ya kwamba mmoja wa misalaba ile ungekuwa wake.

Ndiyo maana ya kwanza ya msalaba kwa mwenye dhambi. Yesu alisimama mahali pa mwingine. Wazee wetu husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana atazamaye huona mzigo wa mwingine kuwa mwepesi. Bwana wetu hakuutazama mzigo wetu kwa mbali na kuuona usufi. Aliutwaa mabegani mwake, akaujua uzito wake.

Maana ya pili twaipata katika waraka wa mtume Paulo kwa Wakolosai. Yeye naye aizungumzia hati, lakini si ile ya Pilato. Atumia neno la Kiyunani ambalo maana yake ni hati iliyoandikwa kwa mkono, kama zile walizoandika wadaiwa kukiri deni lao: mimi fulani nawiwa kiasi fulani, nami nitalipa. Kila mtu aliyepata kukopa dukani ajua jinsi karatasi ndogo namna ile iwezavyo kumnyima mtu usingizi. Paulo afundisha kwamba hati yetu ya namna hiyo, iliyotushitaki mbele ya Mungu, imefutwa, ikaondolewa, ikapigiliwa msalabani kwa misumari. Hapo tazameni jambo la ajabu: juu ya kichwa cha Yesu hati ya Pilato yasomwa na watu wote, na pamoja nayo, kwa macho ya imani, twaiona ya pili, yenye majina yetu sisi. Ile ya kwanza haikuweza kumpata na kosa. Hii ya pili ndiyo aliyoifia.

Naye Paulo alijua vema kuandika hati ya deni kwa ajili ya mwingine. Katika waraka wake kwa Filemoni amwombea Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake. Amwambia Filemoni kwamba kama Onesimo alimdhulumu au awiwa kitu naye, deni hilo ahesabiwe yeye Paulo. Kisha aandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Ona, mwalimu wangu: Paulo hakusema, "Onesimo ameamini, basi Filemoni usahau hasara yako." Aliijua hasara kuwa hasara, akajitia mwenyewe chini yake. Hayo aliyafunzwa na Msalaba.

Sasa nitawakumbusha habari ya huku kwetu, iliyo kweli, ambayo wazee wa pwani ya Mombasa waliisimulia kwa miaka mingi. Katika karne ya 19 watumwa wengi walitoroka mashamba ya pwani wakakimbilia penye misheni, hasa Rabai, mahali alipokaa Ludwig Krapf tangu mwaka 1846. Pale Rabai alikuwako mhudumu Mwafrika, William Jones, ambaye mwenyewe alikuwa ametekwa utumwani alipokuwa mtoto, akaokolewa, akalelewa India. Moyo wake haukuwa mgumu kwa watoro. Walijenga vibanda, wakalima, wakasali. Lakini uhuru wao ulikuwa wa kuibia. Sheria ya pwani zamani zile ilikubali utumwa, wala haikuuondoa katika sehemu ile mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo mtoro alilala sikio moja likiwa macho. Mgeni akibisha hodi usiku, alifikiri ni bwana wake. Akishuka kwenda sokoni Mombasa, alijificha uso.

Mwaka 1888 mabwana walikuja kwa nguvu wakidai watu wao, na vita vikakaribia. Ndipo George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza iliyoanza kutawala pwani ile, alipofanya shauri na mabwana hao. Fedha zikachangwa, nyingine za kampuni, nyingine za serikali ya Uingereza, nyingine za misheni, mabwana wakalipwa. Na siku ya 1 Januari, 1889, pale pale Rabai, watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru.

Fikirini siku hiyo. Mtu yule yule, kibanda kile kile, jembe lile lile. Lakini jana alikuwa mtoro, na leo ni huru. Lililobadilika ni moja tu: aliyekuwa na dai juu yake hana dai tena. Hata akikutana na bwana wake wa zamani katikati ya soko, hana haja ya kujificha uso. Ndilo neno letu la Kiswahili, kukomboa. Mtu hukomboa kitu kilichowekwa rehani, hukomboa mateka, na alipaye ndiye mkombozi. Tunapomwita Yesu Mkombozi, hatumpi jina la heshima tu. Twasema kwamba palikuwa na dai, palikuwa na thamani iliyotolewa, na dai limekwisha.

Lakini kila mfano huchechemea mahali, na mwalimu mwaminifu huwaonyesha wanafunzi wake mguu ulio mfupi. Watumwa wa Rabai hawakuwa na hatia. Wao ndio waliodhulumiwa. Sisi tumedhulumu. Tena pale Rabai twajua ni nani waliopokea fedha. Pale Golgotha ni nani aliyepokea? Wataalamu wa Kanisa walilifikiri jambo hili tangu kale. Origen, mwalimu mkuu wa karne ya 3, alifundisha kwamba fidia alipewa Shetani, aliyekuwa ametushika. Gregori wa Nazianzo katika karne ya 4 aliikataa sana fikira hiyo, akiona ni aibu kudhani kwamba mnyang'anyi alipwe thamani ya Mwana wa Mungu. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alipomaliza kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1098, alifundisha kwamba dhambi huivunja heshima ya Mungu, na mwanadamu anawiwa kuirudisha lakini hawezi. Mungu peke yake aweza. Kwa hiyo ilipasa aje aliye Mungu na mwanadamu pia.

Si lazima kila nyumba ya Mkristo ijue majina haya. Lakini kosa moja nataka kila nyumba ijilinde nalo. Wako wafundishao watoto kana kwamba Baba wa mbinguni ni mkali anayeshika kiboko, na Yesu ni mpole akamzuia mkono. Sivyo. Baba ndiye aliyempenda mwenye dhambi, ndiye aliyemtoa Mwana, na Mwana akajitoa kwa hiari yake. Yule aliyedai ndiye aliyelipa. Mdai alishuka kutoka kitini pake, akaketi mahali pa mdaiwa, akaiandika hasara katika daftari yake mwenyewe. Kusamehe ndiko huko. Hata katikati yetu, mtu akikusamehe shilingi kumi, zile kumi hazikupotea hewani. Yeye ndiye aliyezikosa. Hakuna msamaha usiomgharimu msamehevu. Msalaba watuonyesha gharama ya msamaha wa Mungu.

Sasa namrudia mwalimu wangu, pamoja na mtu wake aliye chini ya mwembe.

Katika Injili ya Luka wako wenye dhambi wawili ambao napenda tuwatazame pamoja. Wa kwanza ni yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu. Alikiri kwamba adhabu yake ilikuwa ya haki, na kwamba Yesu hakutenda neno lo lote lisilofaa. Kisha akamwomba amkumbuke. Mikono yake ilikuwa imefungwa mtini. Hakuweza kurudisha kitu cho chote alichonyang'anya. Hakuweza kwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Hakuwa na siku ya kesho ya kuonyesha kwamba amegeuka. Hata hivyo aliahidiwa kuwa pamoja na Bwana peponi siku ile ile. Basi fungu la pili la wazee wa kanisa linyamaze hapa. Mungu hangoji nazi ya mwisho kulipwa ndipo asamehe. Kama angengoja, mtu yule angepotea, na mimi niandikaye ningepotea, na kila mzee katika baraza lile angepotea. Kwa Mungu hatuna cha kulipa.

Wa pili ni Zakayo, mkuu wa watoza ushuru katika Yeriko. Yeye mikono yake haikufungwa. Bwana alimwita ashuke mtini, akaingia nyumbani mwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Watu wakanung'unika kwa sababu hiyo. Lakini Zakayo alipokwisha kupokelewa, alisimama akatoa ahadi ya kuwapa maskini nusu ya mali zake, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Basi fungu la kwanza la wazee nalo linyamaze. Yesu hakumwambia, "Keti, Zakayo, hayo yamekwisha zikwa." Alifurahi, akasema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Waona, mwalimu, mpangilio wa mambo. Zakayo hakulipa ili Yesu aingie. Yesu aliingia, ndipo Zakayo akalipa. Damu ya Kristo hainunui ruhusa ya kukaa na mali ya mjane. Kinyume chake, yamfungua mtu mikono. Kabla ya kusamehewa mtu hawezi kukiri, kwa kuwa akikiri hana kitu kinachombakia, jina lake lote limekwisha. Kwa hiyo hujificha, huongeza uongo juu ya uongo. Lakini aliyekwisha kuhesabiwa huru mbele za Mungu aweza kusimama barazani na kusema, "Mimi niliapa uongo," wala asife, kwa maana uhai wake hauko tena mikononi mwa sifa za watu. Mtoro wa Rabai mwenye hati yake aweza kwenda sokoni mchana.

Kwa hiyo nalimwandikia mwalimu hivi: Mwambie ndugu yetu kwamba kuna madeni mawili, naye ameyachanganya. Liko deni lake kwa Mungu, la kiapo cha uongo, na la damu ya ndugu yake aliyekufa kwa uchungu. Hilo hawezi kulilipa, hata akiuza shamba zima, hata akilia chini ya mwembe miaka kumi. Ndugu yake hawezi kuamshwa asikie akiombwa radhi. Hilo Kristo amelitwaa, na yeye asimnyang'anye Bwana wake mzigo aliokwisha kuuchukua. Na liko deni lake kwa mjane na watoto. Minazi 24 ingali imesimama, na miguu yake ina nguvu za kuvuka kijito. Hilo asimwachie Kristo alilipe, kwa kuwa Kristo amempa mikono kwa kazi hiyo hiyo. Aende. Asitume mtu. Mwalimu aende pamoja naye kama shahidi, lakini neno aseme mwenyewe. Asianze kwa sababu na udhuru, wala asiseme "tulikosana," maana hawakukosana, yeye alikosa. Kisha arudi kwa wazee wa baraza, atengue kiapo chake mbele ya watu, ili mpaka uwekwe tena ulipokuwa. Na mjane asipomsamehe, asimdai msamaha kana kwamba ameununua kwa minazi. Arudi nyumbani, amwombee, na aje mezani pa Bwana kama sisi sote tujavyo, yaani mkono mtupu.

Barua hiyo ilikwenda. Nami nalidhani nitaishia hapo, lakini kabla ya maneno haya kupelekwa kupigwa chapa imefika barua ya pili.

Mwalimu aeleza kwamba walivuka kijito asubuhi ya Jumamosi. Mjane alikuwa akipepeta unga. Yule mtu alipiga magoti nje ya kizingiti, akasema yote, tena kwa ufupi. Mama yule hakujibu. Aliendelea kupepeta mpaka unga ulipokwisha. Kisha akamwita mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 15 hivi, akamwambia, "Nenda na baba yako mdogo akuonyeshe mpaka." Na kwa shemeji yake akasema, "Minazi nimeipokea. Moyo wangu nipe muda."

Wakaenda watatu, wakahesabu minazi. Mti mmoja ulikuwa umeanguka kwa upepo. Mtu yule ametoa mnazi mmoja wa upande wake kuwa badala. Barazani alitengua kiapo chake siku ya Jumatatu, na wako waliomcheka. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, akaketi nyuma kabisa. Walipoitwa kwenda mezani, alikaa kitambo ameinamisha kichwa, halafu akainuka, akaenda wa mwisho. Mama mjane hakuja siku ile. Mwalimu asema amemwona akimpelekea shemeji yake mbegu za kunde kwa mkono wa mtoto, wala hakusema neno zaidi. Nasi tusiseme neno zaidi, ila tuwaombee wote wawili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani baada ya chakula cha jioni:

1. Baraba aliachwa huru kwa sababu ya nani? Je, alistahili?
2. Mhalifu msalabani na Zakayo wote walipokelewa. Kwa nini mmoja alirudisha mali na mwingine hakurudisha?
3. Watoro wa Rabai walipopewa hati, ni kitu gani kilichobadilika kwao, na ni kitu gani ambacho hakikubadilika?
4. Baba wa nyumba na ajiulize peke yake, wala asijibu kwa sauti: Je, liko shamba, au neno, au shilingi ya mtu mwingine iliyo mkononi mwangu?

Walimu, mkiwafundisha watoto habari ya Msalaba, msiwaambie kwanza habari za maumivu hata waogope. Waambieni kwanza juu ya Baraba na ule mlango uliofunguliwa. Mtoto hujua upesi maana ya kuachiliwa na mwingine kushikwa mahali pake.

Ee Bwana Yesu, uliyepigiliwa pamoja na hati yetu, utufundishe kuamini kwamba imefutwa, na utupe miguu ya kuvuka kijito. Amin.

Nawaaga kwa salamu nyingi, hata mwezi ujao, Mungu akipenda, tutakapozungumza habari za watoto kama nilivyoahidi.

Mimi ndugu yenu katika Bwana.